Kitundu Alichokitoboa Mchina

Mume wangu alianza kumtaja yule mwanamke siku ya pili tu ya kazi mpya, tena alimtaja huku anakula chakula changu. Hilo ndilo lililoniudhi mwanzo. Mtu anamega mkate niliouchoma mwenyewe, anauchovya kwenye mchuzi wangu, kisha anasema, "Kuna mama mmoja wa Kichina pale kazini, ana mikono yule, subhanallah!"

Nikamuuliza, "Kwani sisi wengine tuna nini, makasia?"

Hakucheka. Akaendelea kula na kusifu, kusifu na kula.

Ilikuwa baridi ya mwaka 2017. Tulikuwa tukikaa Johannesburg, mtaa wa Rosettenville, vyumba viwili vya uani nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa Kireno, na mume wangu alikuwa mlinzi. Kampuni yake ilikuwa ikimhamisha huku na huku, mara maghala ya Midrand, mara maegesho ya magari. Msimu ule walimpeleka mjini, makumbusho, kwenye maonyesho ya kazi za mikono za Wachina, za kale na za sasa. Kazi yake ilikuwa kusimama katika ukumbi mmoja kutwa na kuwaambia watu wasiguse. Na katika ukumbi huo waliletewa mshonaji kutoka China kwenyewe, akae nyuma ya kamba atarizi hariri watu wakimtazama. Kwa hiyo mume wangu alikuwa akilipwa mshahara kumtazama mwanamke mwingine anashona, halafu anarudi kwa mkewe, ambaye naye anashona, na ambaye hajawahi kuwekewa hata kamba ya kuanikia nguo bila kuidai.

Mimi ni mshonaji wa kofia. Si za mashine, za mkono, nyeupe, za vitundu, zile wanaume wetu wanazovaa na kanzu siku ya Ijumaa na harusini. Nilifundishwa na bibi yangu Unguja nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Unachora nakshi kwa penseli, unashona mistari, kisha unakuja kwenye vitundu: unatoboa kwa sindano nene, unakizungushia uzi kitundu kimoja kimoja mpaka kikae mviringo, unahamia kinachofuata. Ni kazi ya miezi. Wanaume wa Dar na Tanga waliokuwa Johannesburg walikuwa wakiniagizia kabla ya Idi, mpaka zilipoingia kofia za mashine kwenye maduka ya Wachina. Zile kwa mbali zinapendeza. Ukizikaribia zote ni ndugu mapacha. Tangu hapo kwangu neno Mchina lilikuwa na ladha mbaya, na sasa mume wangu ananiletea Mchina mezani.

"Anaupasua uzi mmoja wa hariri," aliniambia, "anaupasua tena na tena mpaka huuoni. Yeye anauona."

Siku nyingine, "Leo nimezunguka nyuma ya kitambaa chake. Samaki yule yule yupo na upande wa pili. Hakuna fundo. Hakuna uzi unaoning'inia."

Nikamwambia haiwezekani. Nyuma ni nyuma. Kila mwanamke anayeshona anajua kwamba nyuma ndiko tunakoficha aibu zetu, na mimi kazi ya mtu yeyote naigeuza kwanza ndani ndipo niseme mashallah au ninyamaze.

"Basi yule hana aibu ya kuficha," akasema.

Wivu nimezaliwa nao, sikujifunza ukubwani. Lakini wivu wa siku zile ulikuwa na sababu zake. Johannesburg inameza wanaume. Shoga yangu mmoja wa Tanga, mumewe alisema anakwenda Durban kufuata mzigo, na mzigo wenyewe ukaja kuonekana una watoto wawili. Wa pili aliachwa kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo nilimuuliza mume wangu, nikiwa nimempa mgongo ninakoroga chai, huyo Mchina ni msichana au mtu mzima.

"Ni mama tu," akasema.

Sasa "mama tu" ni jibu gani? Hata mimi ni mama tu.

Hapo inabidi nieleze jambo la kofia ya mume. Bibi alinifundisha kwamba kofia ya kuuza na kofia ya mume si mamoja. Ya kuuza unatoboa vitundu vyote. Ya mume unaacha kimoja, usawa wa sikio la kushoto. Unakichora, unakizungushia uzi kama wenzake, lakini kitambaa cha katikati hukigusi. Bibi alisema hapo ndipo mlango ulipofungwa. Mume atazunguka kokote anakozunguka, atarudi kulala kwake. Na mume mwenyewe haambiwi. Sijui kama nyumba nyingine za Unguja zinafanya hivyo au ni nyumba yetu peke yake. Ukiniuliza kama naamini nitakwambia siamini, ni mambo ya bibi. Lakini nimemshonea mume wangu kofia tatu tangu anioe, na katika zote tatu kitundu kile sikukitoboa.

Ijumaa moja alirudi amejaa furaha. Hakuvua hata koti. Akatoa kofia yake mfukoni, ile ya tatu, nzuri kuliko zote, aliyokuwa akienda nayo kazini kwa ajili ya sala, akaniwekea mapajani kama mtu aliyeleta nyama ya ng'ombe mzima.

"Tazama," akasema. "Mama kakumalizia."

Hata sikuhitaji kutazama. Kidole gumba changu kilikwenda chenyewe usawa wa sikio la kushoto, na kikapita.

Akanisimulia akiwa amesimama. Kwamba yule mama alimwona ameivaa akitoka kuswali, akamwomba kwa ishara. Kwamba aliigeuza ndani kwanza, akaitazama muda mrefu, akawa anatikisa kichwa kwa kusifu. Kisha akaweka kidole mahali na kumtazama kwa kuuliza. "Nami nikamwonyesha kwa mikono, ndiyo, mke wangu alisahau. Akacheka, akachukua sindano."

"Ulimwambia nilisahau."

"Si ulisahau?"

"Ulikuwa unajua tangu lini?"

"Tangu kofia ya kwanza. Nikaona nisikuaibishe. Ya pili ukasahau pale pale. Ya tatu pale pale. Nikasema labda ni macho."

Miaka yote hiyo! Nilikuwa nimemfungia mlango, na yeye anadhani ameoa kipofu. Na sasa mwanamke mwingine ameshika sindano yake akaufungua, na kaufungua vizuri, hilo ndilo lililonitia wazimu. Alikizungushia uzi wa hariri. Mviringo wake ulikuwa umekaza, laini, hauna mahali ulipoanzia wala ulipoishia. Kilikuwa kimekaa katikati ya vitundu vyangu na mtu yeyote angekiona hicho kwanza.

Nilimnunia. Nilimwekea chakula mezani nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jirani yangu wa uani alikuwa msusi, Mkongomani wa Lubumbashi, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Kesho yake alinikuta nasugua sufuria moja ambayo ilikwisha kung'aa zamani. Nikamweleza yote, hata la bibi, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Weye! Muchina alifungua mulango ya bwana yako na sindano?"

"Nikisema wivu utanicheka zaidi."

"Mais, ni wivu! Mama, twende tumuone. Wivu ya mutu hauyamuona bado na macho, hiyo ni maladi, ni bugonjwa. Ukishamuona, inakuwa tu hasira, na hasira tunajua dawa yake."

Jumamosi ya wiki iliyofuata tukaenda. Nilijipamba kama naenda harusini, baibui jipya, wanja, udi mpaka kwenye mtandio. Kofia niliiweka kwenye mkoba pamoja na mkasi wangu mdogo. Nia yangu ilikuwa moja, nimfikie yule mwanamke, nikate uzi wake mbele ya macho yake, nishone kitundu changu kiwe kama kilivyokuwa. Teksi ikatushusha mjini, tukatembea. Mlangoni pa makumbusho wakapekua mikoba, wakauchukua mkasi, wakanipa kikaratasi cha kuja kuudai. Jirani akasema, "Eish, silaha ya vita imeenda."

Kumbi za mwanzo zilikuwa za vitu vya kale. Nilipita haraka, lakini mbele ya bakuli moja nikasimama. Lilikuwa jeupe na maua ya buluu, limewekwa ndani ya kioo na taa yake. Bibi alikuwa nalo moja kama hilo, kwenye shubaka la ukutani, lililomong'onyoka ukingo. Alikuwa ameuelekeza ukutani upande ule uliomong'onyoka, wageni wasiuone. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa isipokuwa yeye. Kwetu kitu kikiharibika mapema tunasema ni cha Mchina, na umemaliza maneno. Lakini lile bakuli bibi alikuwa akiliita la Kichina kwa sauti nyingine kabisa, na mimi nilikuwa sijawahi kuyaweka hayo mawili pamoja mpaka siku ile. Niliondoka pale nimekasirika zaidi, kana kwamba hata bibi yangu Wachina wamemchukua.

Ukumbi uliofuata ulikuwa wa mambo ya sasa, simu, na mfano wa garimoshi liendalo kasi. Jirani akaitazama simu ndani ya kioo, akatoa ya kwake. "Hii yangu inazimika kila saa. Bale batu banatengeneza hii ya muzuri, beko wapi?"

Kisha tukaingia kwenye ukumbi wa hariri.

Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma, na sare yake niliyoipiga pasi mwenyewe. Aliponiona na wanja wangu na mkoba wangu nimeukumbatia, macho yalimtoka. Nikampita kama nisiyemjua.

Yule mwanamke alikuwa bibi kizee. Nywele nyeupe fupi, miwani mizito, viungo vya vidole vimevimba kama vyangu vinavyovimba siku za baridi. Nilikuwa nimejiandaa kwa msichana. Angekuwa msichana ningejua la kumfanya. Nilisimama pale na udi wangu wote, nikahisi nimepumbazwa, na wivu uliokuwa umekaa tayari kwa ajili ya uso wake ukakosa pa kutua. Ukaenda kutua kwenye kazi yake.

Hariri ilikuwa imekazwa kwenye fremu iliyosimama, nyembamba kiasi kwamba mkono wake ulionekana kwa ng'ambo. Juu yake palikuwa na samaki wekundu wanaogelea, mikia imetawanyika majini, ingawa maji yenyewe hakuyashona, aliyaacha tu. Nikazunguka nyuma. Samaki wale wale. Nikainama mpaka mume wangu akakohoa, nikatafuta fundo, nikatafuta uzi uliorukia mahali, nikatafuta aibu moja tu. Hapakuwa na kitu. Nilitaka kulia.

Ukutani lilikuwapo jina lake kwa herufi kubwa, na picha yake akiwa binti, na maelezo ya nani alimfundisha, na nani alimfundisha aliyemfundisha. Watu walikuwa wakisoma, wanapiga picha, wananong'ona kama wako msikitini. Bibi yangu alishona mpaka macho yakamwisha, na hakuna mtu hata mmoja aliyeandika popote kwamba aliwahi kushika sindano. Sikuwa namwonea wivu mume wangu tena. Nilikuwa nauonea wivu ule ukuta.

Nikatoa kofia nikaipitisha juu ya kamba. Aliitambua mara moja. Uso ukamchanua, akainua kidole gumba, akaita kwa mkono, na msichana wa Kichina aliyekuwa mkalimani akaja. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini kinafika. Nikamwambia mwambie hivi: mimi ndiye niliyeishona. Na kile kitundu sikukisahau.

Nikaeleza. Nikaeleza bibi, nikaeleza mlango, nikaeleza mume. Mkalimani alisita, akanitazama aone kama nina akili timamu, kisha akatafsiri. Yule kizee akasikiliza. Halafu akajiziba mdomo kwa mkono, shingo ikamwiva, akasimama akainama mbele yangu, akamtazama mume wangu pale mlangoni, akainama tena. Mume wangu alikuwa amekwisha kusogea, alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari za msiba na za harusi kwa simu moja.

Kizee akachukua mkasi wake mezani, akanipa kwa upande wa mpini. Kata, akasema mkalimani. Anasema ukate.

Ndicho nilichokuja kufanya. Nikaishika kofia, nikaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi wa kwanza. Na kwa kuwa mimi ni mshonaji, kabla sijakata nikatazama uzi umepitaje. Nikatazama sana. Kisha nikaondoa mkasi. Asije mtu akasema nilimhurumia, sikumhurumia hata kidogo. Nilijua tu kwamba nikikata, hakuna mkono katika ukoo wetu utakaoweza kukirudisha, na kwamba kitundu kizuri kuliko vyote juu ya kichwa cha mume wangu nitakuwa nimekiua kwa kuwa si changu. Nikamrudishia mkasi wake.

Kizee akauweka mezani. Kisha akainua kamba, akanivuta mkono mpaka mbele ya fremu, akanionyesha samaki mmoja wa chini. Alikuwa amekamilika, magamba, mapezi, mkia. Jicho tu ndilo lililokuwa halijashonwa. Akanitilia sindano mkononi, akaigusa kofia yangu usawa wa sikio la kushoto, kisha akaligusa lile jicho.

"Kitundu?" nikamuuliza mkalimani. "Kwenye hariri?"

Mkalimani akauliza mara mbili. Mwanamume mmoja mwenye suti, wa maonyesho, akaja mbio, na kizee akampungia mkono bila kumtazama, kama bibi alivyokuwa akifukuza kuku kwenye mpunga.

Nikaketi kwenye kiti chake. Kilikuwa bado kina joto. Nikatoboa. Hariri ilitoa sauti ndogo, na watu waliozunguka wakavuta pumzi. Uzi wake ulikuwa unateleza, haukunizoea, lakini kitundu ni kitundu, vidole vilikijua. Nikakizungushia pole pole. Nyuma yangu nilimsikia jirani anawaambia watu, kwa Kiingereza chake, kwamba huyu wanakaa ua mmoja. Nikasikia mtu anasogea karibu mno, na mume wangu anamwambia asiguse.

Nilipomaliza, kizee alizunguka upande wa pili kutazama. Nami nikawa nangoja aione aibu yangu, mpaka nikakumbuka kwamba kitundu hakina nyuma. Jicho lilikuwa jicho, huku na huku. Akarudi akaitikia kwa kichwa mara moja tu. Hakunipigia makofi wala kunikumbatia, na nilimheshimu kwa hilo.

Jioni mume wangu alirudi, akanikuta jikoni. Akavua kofia, niliyomwachia kule kule ukumbini, akaitia kidole usawa wa sikio la kushoto.

"Kwa hiyo mlango uko wazi."

"Uko wazi."

"Tangu Ijumaa ile."

"Tangu Ijumaa ile."

"Na jana mimi nilikula wapi?"

"Si hapa?"

Akatazama juu, akakuta nacheka, nami sikutaka kucheka. "Hapa," nikasema.

"Na juzi, na umeninunia hivyo?"

"Hapa."

"Basi nipakulie, bibi wee, nina njaa." Akaketi.

Siku zilizobaki alikuwa akiniletea habari za jicho. Leo wameliinamia, leo mama mmoja kaleta watoto waone, leo kuna mtu kauliza mbona samaki huyu anatazama kuliko wenzake. Walinzi hawaruhusiwi kuzungumza na wageni, na yeye alizungumza, akaonywa. Kisha maonyesho yakafungwa, makasha yakapigiliwa misumari, kizee akarudi kwao na samaki wake.

Ni mwaka wa pili sasa. Kofia ile mume wangu bado anaivaa, amekataa nimshonee nyingine, na kuifua simwachii mtu. Vitundu vyangu vimeanza kulegea kwa sabuni na jua, hiki kimekaa kama yai, kile kimetoa uzi. Chake hakijatikisika. Kila nikifika usawa wa sikio la kushoto napitisha kidole, nasonya, naendelea kufua. Wakati mwingine namwazia yule kizee huko aliko, ameketi mbele ya samaki wake, anapitisha kidole kwenye jicho langu. Namwomba Mungu awe anasonya.